Karani na Chumvi Yake

Palikuwa na karani mmoja jijini Dar es Salaam, mtu wa mahesabu, ambaye alipotimiza miaka 34 aliona tumbo limeanza kumtangulia mlangoni. Akanunua viatu, akajiunga na kikundi cha mbio za alfajiri, na mwaka haujaisha akajiandikisha kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon mjini Moshi. Karani huyu si mtu mmoja. Ni wengi waliokusanywa katika mmoja, na yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Mweka siku ya mbio hizo amemwona kwa macho yake: kakaa chini, kashika mguu, anauliza wapita njia nani ana chumvi.

Maandalizi yake hayakuwa ya mzaha. Saa 11 alfajiri alikuwa keshafika Coco Beach. Alivuka Daraja la Tanzanite, akapita Aga Khan, akaifuata barabara ya baharini hadi Feri, kisha akageuza. Jumamosi alikwenda kilomita 25, baadaye 30, kwa mwendo wa dakika 6 na sekunde 20 kila kilomita. Joto la Dar mnalijua. Alirudi nyumbani fulana ukiikamua inatoa maji, na chumvi imemganda kwenye nyusi. Katika miezi yote hiyo hakubanwa na misuli hata siku moja. Likumbukeni hilo, maana mwenyewe alilisahau.

Kikundini alikuwamo mzee mmoja, mwalimu wa michezo aliyestaafu, ambaye wote walimwita Mwalimu tu. Siku moja wakijinyoosha baada ya mbio alimgeukia karani.

"Kijana wangu, Moshi si Msasani. Nusu ya kwanza ni ya kukudanganya. Baada ya hapo unapanda hadi Mweka, halafu unashuka mpaka uwanjani. Tafuta mlima. Nenda Pugu kila wiki, upande na ushuke. Hasa ushuke."

"Nimekusikia, Mwalimu."

"Kusikia umesikia. Utakwenda?"

Hakwenda. Pugu mbali, foleni ndefu, na Jumamosi ina shughuli zake. Badala yake alifanya kile anachokiweza: alitengeneza jedwali. Alishaambiwa kwamba misuli hubana kwa kukosa chumvi, basi akapanga pakiti za ORS, vidonge vya magnesiamu na ndizi, kila kimoja na kilomita yake. Jedwali lilipendeza. Mlima pekee uliokuwamo ulikuwa mlima wa takwimu.

Siku ya mbio alianza kwa furaha iliyopita kiasi. Ngoma zinalia, watu wanashangilia, hewa ya asubuhi ya Moshi ni baridi kuliko ya Dar, na barabara ya kuelekea Dar es Salaam ni tambarare. Lengo lake lilikuwa kumaliza chini ya saa 4, jambo linalohitaji dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita. Yeye alikwenda kwa 5 na 25. Nusu ya kwanza akaimaliza kwa saa 1 na dakika 54, akajiona amejiwekea akiba. Ndipo barabara ikaanza kupanda. Kutoka mjini hadi Mweka kuna kiasi cha mita 300 za mwinuko, katikati ya migomba na kahawa, na kila mita alilipia kutoka kwenye akiba ile. Alipogeuza kichwa kuteremka, dakika zilikuwa zimekwisha kuyeyuka. Akaamua kuzifidia kwenye mteremko. Akaiachia miguu.

Kufika kilomita ya 36, kigimbi cha kulia kilianza kucheza. Si maumivu bado, ni mtukutiko tu chini ya ngozi, msuli unarukaruka wenyewe hata pale mguu ulipokuwa hewani. Karani alitazama saa, akatazama jedwali, akafungua pakiti ya chumvi na kuimeza kabla ya wakati wake. Mwendo hakupunguza. Hatua chache mbele kigimbi kikajikunja chote kwa pamoja, kikapanda juu na kusimama donge gumu chini ya goti, kidole cha mguu kikaelekea chini kikagoma kurudi. Akaanguka kwenye majani kando ya lami. Akaanza kulipiga donge kwa ngumi. Mwenzake mmoja akammwagia maji, mwingine akamlisha ndizi. Donge halikusikia maji wala ndizi.

Mwalimu alitokea nyuma, kwa mwendo ule ule alioanza nao asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu," karani alisema, meno yameumana.

"Marahaba. Acha kuupiga. Nyoosha goti."

Mzee akapiga magoti, akashika kisigino kwa mkono mmoja na sehemu ya mbele ya unyayo kwa mwingine, akausukuma unyayo taratibu kuelekea kwenye muundi. Hakuvuta kwa kushtukiza. Alishikilia hapo hapo, akimwambia karani avute vidole kwake kwa nguvu zake mwenyewe. Nusu dakika haijapita, donge likaanza kulegea. Mwalimu aliendelea kushikilia mpaka mtukutiko ukaisha kabisa.

"Sasa utatembea mpaka kituo cha maji. Halafu utakimbia mwendo wa mazoezi yako, si mwendo wa jedwali. Ukibanwa tena, umemaliza mbio za leo. Hakuna aibu."

"Sawa, Mwalimu."

Mwalimu akaendelea na safari yake. Karani akasubiri mzee apotee kwenye kona, akatoa mfukoni vidonge viwili vya maumivu, diklofenaki, akavimeza, na akaurudia mwendo wake. Alibanwa tena, safari hii misuli ya paja. Akachechemea. Alifika uwanjani, akavishwa medali, akapigwa picha. Jioni akiwa hotelini alikwenda haja ndogo, akaona mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea. Alilazwa hospitali siku tatu, akipewa maji kwa mshipa na kupimwa figo. Aliyezipita siku hizo kitandani kwa salama ni mwenye bahati, na daktari hakumficha hilo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la karani halikuvunjika, lakini tukiishia kwenye methali tutakuwa tumemlaumu bila kumfundisha. Tumfuate kosa kwa kosa.

Kosa la kwanza ni imani kwamba kubanwa na misuli ni njaa ya chumvi. Imani hii ina asili yake, si uzushi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza na wachochea moto wa meli za mvuke walitoka jasho zamu nzima kwenye joto kali, wakanywa maji matupu kwa wingi, na wakashikwa na mikazo mikali. Walipotiliwa chumvi kwenye maji ya kunywa wakapata nafuu. Tangu hapo somo likahama kutoka mgodini hadi barabarani bila kukaguliwa.

Lilipokaguliwa halikusimama vizuri. Watafiti wa Afrika Kusini waliwafuatilia wanamichezo 210 wa mashindano ya Ironman, yale ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Waliobanwa na misuli hawakutofautiana na wasiobanwa katika upungufu wa maji wala katika sodiamu ya damu kwa namna inayoweza kueleza tatizo. Kilichowatofautisha ni mambo mawili: waliobanwa walikuwa wameshawahi kubanwa huko nyuma, na siku hiyo walikwenda kasi kubwa zaidi. Hata bila maabara, akili ya kawaida inauliza: damu ni moja na inazunguka mwili mzima. Kama chumvi imepungua kwenye damu, mbona kigimbi kinabana na mkono hautikisiki? Na karani aliyetoka jasho jingi zaidi Dar kuliko Moshi, mbona Dar hakubanwa?

Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo yako kwenye mishipa ya fahamu. Msuli haujiamulii, unapokea amri kutoka uti wa mgongo, na amri hizo zinapimwa na vitambuzi viwili. Kimoja kiko ndani ya msuli, nacho husema kaza. Kingine kiko kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, nacho husema legeza. Ni pedali ya mafuta na pedali ya breki katika gari moja. Msuli ukichoka kupita ulivyozoeshwa, sauti ya kukaza hupanda na sauti ya kulegeza hufifia. Hali huwa mbaya zaidi msuli unapofanya kazi ukiwa umejikunja, kama kigimbi kinavyojikunja kila unaposukuma ardhi kwa vidole. Mtukutiko alioupuuza karani ulikuwa taarifa kwamba breki imeanza kushindwa.

Hapo ndipo mkono wa Mwalimu unapoeleweka. Alipousukuma unyayo kuelekea kwenye muundi aliivuta kano, na kano ikivutwa kile kitambuzi cha kulegeza huamka. Karani alipovuta vidole kwa nguvu zake mwenyewe alitumia misuli ya mbele ya mguu, na mwili una desturi ya kuulegeza msuli wa nyuma pale wa mbele unapofanya kazi. Hiyo ndiyo tiba ya papo hapo, na haihitaji duka la dawa. Kigimbi: nyoosha goti, vuta unyayo kwako. Nyuma ya paja: kaa chini, nyoosha mguu, inama mbele taratibu. Mbele ya paja: simama, shikilia kitu, leta kisigino kwenye tako. Shikilia mpaka msuli utulie, si mpaka uchoke kusubiri. Ngumi na kukanda kwa nguvu havina kazi hapo, vinaumiza tu nyuzi ambazo tayari zina shida.

Ndizi je? Ni chakula kizuri kwa mkimbiaji, lakini itachukua muda mrefu kupita tumboni kabla ya kuibadilisha damu, na msuli uliobana hauna subira hiyo. Siki ina habari yake. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walibanisha kwa makusudi msuli wa mguu kwa umeme, wakawapa watu maji ya achari ya matango kwa mafunda machache. Mkazo uliachia kwa wastani wa dakika moja na nusu hivi, wakati waliopewa maji matupu walichukua zaidi ya dakika mbili. Maji yale hayakuwa yamepata nafasi ya kufika kwenye damu. Inaelekea ukali wa siki mdomoni na kooni hutuma ishara kwenye mishipa ya fahamu, nayo hupunguza zile amri za kukaza. Mwenye kutaka kubeba kichupa cha maji ya achari abebe, mradi ajue anachobeba: ni msaada wa dakika, si leseni ya kuendelea na kasi iliyombana.

Hatusemi chumvi haina kazi. Wapo watu ambao jasho lao lina chumvi nyingi, nguo zao hubaki na michirizi mieupe, na hao hufaidika wakila na kunywa chenye chumvi siku ya mbio ndefu. Ila hatari ya upande wa pili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa sodiamu imeshuka kupita kiwango cha kawaida. Wengi wa hao walikuwa wamekunywa mno kiasi cha kuongezeka uzito njiani. Sodiamu ikishuka sana ubongo huvimba, mtu huchanganyikiwa, hutapika, hupata degedege, na wengine hufa. Kwa hiyo kanuni ya maji ni nyepesi: kunywa ukiwa na kiu, acha kiu ikiisha. Kituo cha maji si deni linalopaswa kulipwa kila unapolipita.

Kosa la pili la karani ni kufikiri kwamba kilomita ni kilomita. Thelathini za Msasani si thelathini za Mweka. Mtu akishuka mlima, misuli ya paja hufanya kazi ya kuzuia: inakaza huku inarefushwa, ikiubeba uzito wa mwili kila mguu unapotua. Kazi ya namna hiyo hupasua nyuzi ndogo za msuli ambao haujaizoea. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza upesi, na hata vipindi vichache vya kushuka huukinga msuli kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana Mwalimu alisisitiza kushuka. Asiye na Pugu ana ngazi. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya unyayo, panda kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha shusha visigino polepole mpaka chini ya ukingo. Fanya hivyo mara kwa mara kwa miezi, kigimbi kitakuwa na nguvu zinazofika kilomita ya 36.

Kosa la tatu ni kasi. Miguu iliyozoeshwa dakika 6 na sekunde 20 ilipewa 5 na 25 kwa sababu ngoma zilikuwa zinalia. Ukitaka kukimbia saa 4, fanyia mazoezi mwendo wa saa 4, na sehemu ya mazoezi hayo uifanye mwishoni mwa mbio ndefu, miguu ikiwa imechoka. Kama hukuufanyia mazoezi, siku ya mbio haikupi.

La nne ndilo lililompeleka hospitali. Diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwili wenye jasho jingi na misuli iliyoumia hauna akiba ya kuchezea hapo: misuli iliyosagika humwaga protini zake kwenye damu, figo ndizo zinazozichuja, na figo hizo hizo zimebanwa na dawa. Mkojo wa kahawia ni kengele. Kengele nyingine ni misuli kubana mwili mzima, kuvimba, kuchanganyikiwa, au maumivu makali yasiyoachia hata baada ya kujinyoosha na kupumzika. Mwenye vinasaba vya selimundu, hata kama ni mbebaji tu na hajawahi kuugua, asipuuze udhaifu wa ghafla wa misuli katikati ya mbio. Asimame na aombe msaada. Na kwa wale wanaokumbuka kwinini ya zamani kama dawa ya mikazo ya miguu, mamlaka ya dawa ya Marekani imekwisha kuonya kwamba isitumike kwa kazi hiyo, kwa sababu inaweza kuleta madhara makubwa kwenye damu na moyo.

Kuna atakayesema: mbona John Stephen Akhwari hakusimama? Kila mtoto wa shule Tanzania amesimuliwa habari zake. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, Akhwari alibanwa na misuli, na katika kusukumana kuwania nafasi akaanguka, goti likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa 1 baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, giza limeanza kuingia. Heshima yake haina ubishi. Lakini tunasimulia nusu tu ya hadithi. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na inaelezwa kwamba kilichombana misuli ni mwinuko ule, ambao hakuwa amepata kuufanyia mazoezi. Yeye hakuchagua mji wa mashindano. Alipelekwa kuiwakilisha nchi mahali ambapo mwili wake haukuandaliwa. Wengine zaidi ya kumi hawakufika mwisho kabisa. Ukiichukua habari ya Akhwari kuwa ruhusa ya kupuuza mguu, umeisoma kinyume. Ushujaa wake ulifanya kazi pale maandalizi yalipokosekana, na sisi wa mbio za Jumapili hatuna sababu ya kuyakosa. Mji tunaujua, mlima tunaujua, tarehe tunaijua miezi kabla. Tena Jumatatu tunatakiwa kazini.

Basi wewe uliyejiandikisha mwaka huu, funga jedwali la chumvi kwa muda na utazame ramani ya njia. Pale inapopanda, panda kabla ya siku hiyo. Pale inaposhuka, shuka kabla ya siku hiyo. Anza mbio kwa mwendo uliouzoea, punguza mara tu msuli unapoanza kucheza, nyoosha unapobana, na vidonge vya maumivu uviache nyumbani. Ukibanwa mara ya pili, kaa kando, omba usafiri, urudi mwakani. Mbio zitakuwepo. Figo ni mbili tu.